Kuonekana angani: kwa nini glaida hujificha bila kutaka

Saa saba mchana, ukisimama Igurusi ukatazama bonde la Usangu, utawaona mwewe wakizunguka bila kupiga bawa. Wamepata hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Glaida, yaani ndege isiyo na injini, hupaa kwa ujanja huohuo. Sasa hewa nzuri ikiwa ni moja, marubani watatu wanne hujikuta kwenye duara moja, na desturi yao ni kwamba anayekuja nyuma azunguke upande uleule wa aliyetangulia. Kuonekana angani maana yake ni hii: mwenzako akuone mapema kiasi cha kuweza kukukwepa.

Mfuatilie mwewe mmoja kwa macho. Akilala upande kugeuka, unayaona mabawa yote. Akikuelekea anabaki kijistari, kisha hayupo. Glaida ni nyembamba vilevile, halafu nyeupe. Weupe wenyewe si urembo: nyingi zimeundwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa na gundi ambayo joto kali huilegeza, na rangi nzito hunywa jua. Rangi inayolilinda bawa ndiyo inayolipoteza mbele ya wingu.

Lakini rangi ni nusu tu ya tatizo. Mfikirie dereva wa bodaboda anayetoka Tukuyu akikaribia njia panda ya Uyole. Lori la barabara kuu likizidi kusogea mbele au kubaki nyuma machoni pake, watapishana. Likiganda palepale huku linakua, wote wawili wakaenda na mwendo wao, watakutana njia panda. Angani ni hivyohivyo, tena hakuna tuta. Jicho hunaswa na kinachosogea. Chombo kitakachokugonga kinabaki doa dogo lililotulia, halafu ghafla kimejaa kiooni. Glaida mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 150 kwa saa, humaliza kilomita nzima kwa sekunde 12.

Wengine hubandika vipande vyekundu puani na kwenye ncha za mabawa. Wengine hufunga taa kali zinazowaka na kuzima. Mimi nazipa taa kura yangu. Alfajiri ya ukungu pale Inyala, lori jekundu na jeupe yote ni kijivu, unachokiona ni taa zake. Ila kwenye jua la mchana taa nayo hufifia, isipokuwa iwe kali kwelikweli na ikuelekee.

Ndiyo maana mwaka 2004 kilitoka kifaa cha Uswisi kiitwacho FLARM. Hujua kilipo kwa setilaiti, hukadiria njia kitakayopita sekunde chache zijazo, huitangaza kwa redio na kusikiliza za wenzake. Njia zikielekea kukutana, kinalia na kuonyesha hatari inatokea upande gani, rubani ageuze shingo huko. Aliyepaa bila kifaa kinachotangaza hakitamtambua, sawa na mwewe wa Usangu.