Ujumuishi Huanzia Kwenye Daftari la Waliohama

Shule binafsi ikinialika kuzungumzia ujumuishi, kwa kawaida hunipitisha kwanza ukumbini. Huko ukutani kuna picha za siku ya utamaduni: watoto wamevaa lubega, kanzu na kofia, mmoja yumo ndani ya sari, wote wanacheka. Picha nzuri kabisa. Nikishazitazama huomba nipelekwe ofisi ya taaluma nioneshwe vitu vitatu: daftari la wanafunzi waliohama, daftari la adhabu, na orodha ya waliorudishwa nyumbani kwa ada. Mara nyingi hapo ndipo chai huanza kuchelewa.

Kazi yangu ni kufundisha walimu na viongozi wa shule, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizisaidia shule zisizo za serikali hapa Tanzania zinazotaka kupokea watoto wasiofanana. Makala hii nawaandikia wamiliki, wajumbe wa bodi na wakuu wa shule. Zaidi namwandikia mwalimu yule aliyeitwa ofisini akaambiwa, "Mwalimu, kuanzia sasa wewe ndiye mratibu wa ujumuishi," akapewa barua na asipewe kingine.

Maneno yenyewe yasitusumbue sana. Utofauti ni hali tu: watoto wamekuja na hawafanani kwa dini, kipato, mwili, lugha ya nyumbani. Usawa na haki ndipo watu wanapochanganya. Karatasi ileile ya mtihani kwa kila mtoto ni usawa. Kumchapia maandishi makubwa na kumwongezea muda yule mwenye uoni hafifu ni haki, na Baraza la Mitihani limekuwa likifanya hivyo bila mtu kulalamika kwamba kuna upendeleo. Ujumuishi ni mtoto kuwa wa hapo, asijione mgeni anayevumiliwa mpaka muhula uishe.

Ugumu wa kazi hii katika shule binafsi lazima usemwe wazi. Shule binafsi inachagua. Ada ndiyo mshahara wa walimu, na matokeo ndiyo tangazo la kuwaleta wazazi wa mwakani, kwa hiyo mlangoni pana chujio hata kabla mtu hajawa na nia mbaya. Tanganyika ilikuwa na machujio ya wazi zaidi: wakati wa ukoloni kulikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na bajeti yake, mpaka mfumo huo ulipofutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Mwaka 1969 serikali ikatwaa shule nyingi za mashirika ya dini na za watu binafsi. Miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa tena, na shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza zikaota mijini kama uyoga. Leo hakuna shule inayouliza rangi ya mtoto. Inauliza ada italipwa kwa awamu ngapi, na mtoto alipata ngapi kwenye usaili.

Sheria hata hivyo haikusimama nje ya geti. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinataja sababu ambazo mtoto hapaswi kubaguliwa kwazo, na orodha ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani: pamoja na jinsia na dini zimo lugha, ulemavu, hali ya afya, hali ya kiuchumi ya familia, hata kwamba mtoto ametoka kijijini au mjini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inapozungumzia mtoto kusoma katika shule ya kawaida, inataja za umma na za binafsi pamoja. Mmiliki anayesema "hii ni shule yangu" anasema kweli kuhusu majengo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mratibu wa aina hiyo, kwenye shule ambayo sitaitaja. Nilipewa cheo, meza, na fungu la kuandaa siku ya utamaduni. Wiki niliyokuwa nahangaika na ukubwa wa bango la kukaribisha wageni, ofisi iliyo jirani na yangu ilimkataa mvulana wa miaka saba aliyekuwa hasikii vizuri. Alishindwa imla ya usaili. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama nyuma ya darasa. Nilikuja kujua baada ya mwezi mzima, tena kwa karani. Hakuna aliyenificha. Kikao cha udahili hakikuwa na kiti changu, basi. Tangu hapo nikiulizwa mratibu apewe nini, sijibu tena mafunzo wala bajeti. Apewe kiti kwenye kikao cha udahili, ruhusa ya kusoma madaftari, na njia ya kufika kwenye bodi bila kupitia kwa mtu ambaye uamuzi wake ndio unaohojiwa.

Tuyafungue basi hayo madaftari.

La waliohama lisome la miaka mitano nyuma. Usitafute idadi, kila shule ina wanaohama, wazazi huhamishwa kazi, biashara huanguka. Tazama mwezi na darasa. Ukikuta majina yanarundikana mwishoni mwa darasa la tatu na la sita, au kidato cha kwanza na cha tatu, yaani mwaka mmoja kabla ya mtihani wa taifa, na mbele ya kila jina pameandikwa "kwa hiari ya mzazi", una haki ya kushangaa hiari hiyo inafuata kalenda ya mitihani vizuri namna gani. Wizara ilishakataza shule kuwakaririsha au kuwahamisha watoto kwa sababu hawakufikia wastani uliowekwa na shule yenyewe, lakini ushauri wa mdomo hauachi karatasi. Mzazi huitwa, hupewa soda, huambiwa mtoto "atafaidika zaidi na mazingira mengine". Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora kitaifa. Hatua hiyo ilipunguza sababu moja ya kuchuja, ila mabango ya barabarani bado yanahesabu daraja la kwanza ngapi na sifuri ngapi.

Hapa mratibu ana kazi ndogo na ngumu: kuwapigia simu wazazi wa waliohama. Kumi tu wanatosha. Swali liwe moja: mtoto anaendeleaje? Mengine watayasema wenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Daftari la adhabu si hiari. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinataka kila adhabu iandikwe, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na isizidi viboko vinne. Mimi ningependa fimbo iondoke shuleni kabisa, na sioni sababu ya kuuficha msimamo huo, ila hata asiyekubaliana nami anaweza kulisoma daftari hilo kwa faida. Shule ambayo daftari lake ni jeupe wakati fimbo ziko nyuma ya kila mlango imeshajieleza. Palipoandikwa, tazama kosa linalojirudia. Katika shule za mchepuo wa Kiingereza mara nyingi kosa hilo ni kusema Kiswahili.

Hili nitakaa nalo kidogo, kwa sababu ndipo shule nyingi zinapotenda ubaguzi huku zikiamini zinafundisha. Mtoto aliyelelewa na wazazi wanaozungumza Kiingereza nyumbani hana cha kuhofia. Anayeadhibiwa ni aliyehamia darasa la nne kutoka Kayumba, kama wanavyoziita shule za serikali kwa kebehi, au mtoto wa mpishi wa shule aliyepewa nafasi kwa punguzo la ada. Anavishwa kibao shingoni, anazunguka nacho mpaka amkamate mwenzake aliyeteleza ulimi, amkabidhi. Kwa hiyo anajifunza mambo mawili: kunyamaza, na kusaka wenzake. Kiingereza hakimo. Mtoto hujifunza lugha kwa kuizungumza vibaya mbele ya watu wasiomcheka, na kibao kimeondoa uwezekano huo. Walimu hunijibu kwamba wazazi wenyewe ndio wanaodai. Ni kweli wanadai Kiingereza. Sijakutana bado na mzazi aliyedai kibao. Shule moja niliyofanya nayo kazi iliviondoa, ikaweka nusu saa ya hadithi kila siku kwa watoto waliohamia, kwa lugha zote mbili, wakiongozwa na wanafunzi wa darasa la saba. Gharama yake ilikuwa kupangua ratiba.

Gharama huwa ndiyo hoja ya kwanza ya mmiliki, na namwelewa. Lakini mambo mengi ya ujumuishi hayahitaji fundi. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu akifika kidato cha pili na darasa lake liko ghorofani, hamishia kidato cha pili chini. Mtoto mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha la jua, na kofia pana pamoja na mikono mirefu viandikwe kwenye kanuni za sare kama haki yake, asiende kuviombea ruhusa kila muhula unapoanza. Msimamizi wa imla asimame mbele, asome huku anaonekana mdomo. Hilo la mwisho kwangu lina jina na uso.

Ada sasa. Kurudisha watoto nyumbani ni jambo ambalo shule nyingi haziwezi kuliacha kwa siku moja, mishahara ni mishahara. Namna ya kurudisha ndiyo inayozungumzika. Majina yakisomwa mstarini asubuhi, shule nzima imeshajua nani ni maskini, na mchana huo jina la utani limeshapatikana. Barua ya ada ni ya mzazi. Mhasibu ana namba yake ya simu. Vivyo hivyo kwa watoto wa ufadhili. Wanapangiwa kusimama mbele ya mfadhili siku ya mahafali wakiimba shukrani, halafu shule inashangaa kwa nini hawagombei ukiranja. Zipo pia ada zisizoitwa ada: keki ya siku ya kuzaliwa, nguo za mahafali, safari ya Bagamoyo au Mikumi. Mtoto anayebaki shuleni peke yake siku ya safari hahitaji kuambiwa kitu.

Kuhusu dini nitasema machache, maana kila shule ina mwenyewe, na shule ya kanisa au ya msikiti ina haki ya kuwa na sura yake. Maswali ya bweni ndiyo hupima ukweli wa maneno. Ramadhani jiko linafunguliwa saa ngapi kwa ajili ya daku? Mtihani wa majaribio ukipangwa Jumamosi, mtoto wa Kisabato anaufanya lini? Kenya mambo haya yalifika mahakamani, katika shule za umma. Kesi ya hijabu ya shule ya St. Paul Kiwanjani, Isiolo, ambayo ni shule yenye ufadhili wa Kanisa la Methodisti, ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Januari 2019 mahakama hiyo ilitengua ushindi walioupata waliotaka hijabu katika Mahakama ya Rufani, kwa sababu za utaratibu wa kesi, huku ikiielekeza bodi ya shule ishauriane na wazazi, wanafunzi na wafadhili kuhusu kanuni za sare. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba shule moja ya Nairobi ilivunja katiba kumtoa darasani msichana wa Kirasta kwa sababu ya nywele zake. Nikizisoma kesi hizi mbili naona mashauriano ya bodi, ambayo yangechukua alasiri mbili, yakihamia mikononi mwa mawakili kwa miezi na miaka.

Bado hatujamgusa mratibu mwenyewe. Kuna mtindo wa kumpa kazi hii mwalimu aliye tofauti na wengine: mwenye ulemavu, au Mwislamu pekee wa ofisi, au mwalimu kutoka Uganda au Kenya aliyeajiriwa kufundisha Kiingereza. Ana uzoefu, hilo sikatai. Lakini anageuzwa pia msemaji wa kila jambo linalofanana naye, na siku akisema neno zito ataambiwa anajitetea. Mpe mtu anayeheshimika kwa ufundishaji, umpunguzie vipindi, na mwalimu wa taaluma akae naye meza moja. Naye asianze kwa semina. Walimu waliochoka wakiketishwa kwa muda wa saa nne wakaambiwa wao ni wabaguzi watapiga makofi mwishoni na kurudi walikotoka. Waoneshwe hesabu za madaftari ya shule yao, majina yakiwa yamefutwa, waachwe wabishane wao kwa wao. Ubishi wa ofisi ya walimu umebadilisha mambo mengi kuliko mada zangu.

Na kabla ya kuandika taarifa ya bodi, ongea na mpishi, matroni, mlinzi na dereva. Dereva wa basi la shule moja alinitajia, huku anakagua tairi, watoto wanne ambao hakuna anayetaka kukaa nao kiti kimoja. Wawili kati yao majina yao nilikuwa nimeshayakuta asubuhi ile, kwenye daftari la adhabu.