Notre-Dame ya Paris: kwa nini kenchi zilirudi kuwa za mbao

Kazi yangu ni kukagua mapaa ya majengo ya kale, na tangu Kanisa Kuu la Notre-Dame lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019 nimeulizwa mara nyingi kwa nini Wafaransa walilirudishia mbao, kitu kile kile kilichoshika moto. Nakiri kwamba mwanzoni mimi mwenyewe ningechagua chuma.

Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1163, enzi za Askofu Maurice de Sully. Kenchi zake za mwaloni, nyingi zikiwa za karne ya 13, zilisongamana gizani juu ya kuba za mawe kiasi kwamba zilipewa jina la "msitu". Mnara mchongoka ambao dunia nzima iliuona ukianguka ulikuwa mdogo kiumri, kwani ulisimamishwa na msanifu Viollet-le-Duc mwaka 1859. Sanamu 16 za shaba zilizouzunguka zilikuwa zimeshushwa siku nne tu kabla ya moto, kwa ajili ya ukarabati.

Hoja ya chuma haikuwa ya kipuuzi. Kanisa kuu la Chartres, huko huko Ufaransa, baada ya kuungua mwaka 1836 lilipata paa la chuma, na lile la Reims liliwekewa kenchi za zege baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini Notre-Dame ilikuwa na bahati: mwaka 2014 wasanifu Rémi Fromont na Cédric Trentesaux walikuwa wamezipima kenchi zake na kuzichora kwa kina, kwa hiyo uamuzi wa Julai 2020 wa kulirudisha kanisa lilivyokuwa haukutegemea kubahatisha.

Kilichonigeuza mawazo ni uchongaji. Mafundi walichonga boriti kwa shoka mwaloni ungali mbichi, shina moja likitoa boriti moja yenye moyo wa mti katikati. Shoka hufuata nyuzi hata pale shina lilipopinda kidogo, ilhali msumeno wa mashine huzikata nyuzi hizo njiani, na ndiyo maana boriti ya shoka hukauka ikapasuka nyufa bila kupoteza nguvu nyingi. Takriban mialoni 2,000 ilitumika.

Kabla ya hapo ilibidi jukwaa la ukarabati, lenye vipande vya chuma vipatavyo 40,000 vilivyokuwa vimeshikana kwa joto, likatwe kidogo kidogo hadi Novemba 2020. Kanisa lilifunguliwa tena tarehe 7 Desemba 2024. Huko juu ya kuba, katikati ya mbao zilizochongwa kwa namna ya zama za kati, sasa kuna kuta za kuzuia moto na mabomba ya kunyunyiza ukungu wa maji.