Intaneti ya vitu: kifaa kinapopokea amri kutoka mbali

Taa ya sola inaweza kugoma kuwaka ilhali paneli ni nzima na betri imejaa. Wanaonunua sola kwa mkopo wanalijua hili: malipo ya siku hayajaingia, basi giza.

Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mtindo huo nchini Kenya mwaka 2012. Mteja anatoa kianzio, anachukua paneli, betri, taa na redio, kisha analipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Ndani ya kile kisanduku cha betri kuna laini ya simu ambayo mwenye nyumba hampigii mtu kwayo. Malipo yakifika, kompyuta za kampuni zinatuma ujumbe kwenye laini ile na kisanduku kinafunguka. Yakikwama, kinajifunga chenyewe. Hakuna anayepanda bodaboda kwenda kudai.

Hiyo ndiyo intaneti ya vitu. Vifaa vya kawaida, visivyokuwa simu wala kompyuta, vinawekewa uwezo wa kutambua kinachoendelea, kutuma habari na kupokea amri, bila mtu kukaa katikati. Kinachohitajika ni kihisio cha kupima (joto, mwendo, kiasi cha maji), njia ya mawasiliano, na mahali fulani kompyuta ya kuamua nini kifanyike. Mara nyingi huongezwa swichi, na swichi hiyo ndiyo yenye maneno.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, mashine ya kuuzia soda iliunganishwa na mtandao wa chuo ili watu wajue, bila kuinuka vitini, kama soda zipo na kama zimeshapoa. Jina lilikuja 1999, likitolewa na Mwingereza Kevin Ashton, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bidhaa za nyumbani ya Procter & Gamble na akitaka bidhaa za madukani zijitambulishe zenyewe kwa kompyuta. Kilichochelewesha mambo ni bei. Chipu na mawasiliano viliposhuka bei, hata taa ya chumba kimoja ikaweza kubeba laini yake.

Wengi hudhani mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, ni mfano wa intaneti ya vitu. Mita ya kawaida ya LUKU siyo. Haina mtandao wowote. Zile tarakimu 20 za tokeni ndizo ujumbe, umefumbwa kwa ajili ya mita yako peke yake, na anayeufikisha ni wewe kwa kidole chako. Ushahidi ulionekana mwaka 2024. Tokeni za mita za aina hii, Tanzania, Kenya na kwingineko duniani, hubeba alama ya muda inayohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Kwa kuwa mita hazifikiki kutoka mbali, wateja ndio walioombwa kubonyeza tarakimu za ziada kabla ya siku hiyo, nyumba kwa nyumba. Mita janja, ambazo taratibu zinachukua nafasi ya hizo, zinapokea mambo kama hayo zenyewe. Zinaweza pia kutuma matumizi yako, na kukukatia umeme bila fundi kufika mlangoni.

Matangazo hupenda kutuonyesha friji inayoagiza maziwa. Mimi friji hiyo hainisumbui akili. Badiliko kubwa naliona kwenye umiliki: kitu kimeuzwa, kiko sebuleni kwako, lakini mkono wa muuzaji haujakiachia. Tuwe wakweli, mkono huo umewasaidia wengi. Zamani mkopo ulidai hati ya shamba au mdhamini mwenye mshahara. Kifaa kinachoweza kuzimwa kutoka mbali kinajidhamini chenyewe, na mama muuza mboga anakopesheka. Simu za mkopo zinazojifunga usipolipa zinafuata njia hiyo hiyo.

Ubaya wake hujitokeza hata kwa asiyedaiwa senti. Nchini Marekani kulikuwa na kifaa kiitwacho Revolv, cha takriban dola 300, cha kuendeshea taa na vifaa vingine vya nyumbani. Kampuni ya Nest ikainunua kampuni ya Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 seva, yaani kompyuta za mbali ambazo kifaa kilizitegemea, zikazimwa. Wateja walikuwa wamelipa kila kitu, vifaa havikuwa na ubovu wowote, ila havikufanya kazi tena.

Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, kamera za ulinzi na ruta za majumbani zilitekwa na programu hasidi ya Mirai, iliyokuwa ikiingia kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Zikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa, Twitter ikiwemo, zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Kamera iliyofungwa kuzuia wezi ikawa silaha mikononi mwa mtu asiyejulikana, na mwenye nyumba hana habari.

Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022. Hizo zinagusa taarifa zako binafsi: nani anazikusanya na anazifanyia nini. Nani anaruhusiwa kuzima kitu kilicho ndani ya nyumba yako, na lini, kwa kawaida utakuta kwenye mkataba, yale maandishi madogo tunayoyakubali huku tukitafuta kitufe cha kuendelea. Ukinunua sola, simu au pampu ya namna hii, muulize wakala mambo matatu. Nikimaliza deni, kufuli linaondolewa kabisa? Mtandao ukikatika wiki nzima, kitaendelea kufanya kazi? Na kampuni ikifungwa?