Je, wajua kwa nini kahawa isiyo na kafeini hupooza, na utaipataje yenye ladha?

Mama yangu, hapa Tanga, halali bila kikombe cha kahawa baada ya Isha. Mwaka jana daktari alimwambia apunguze kafeini kwa sababu moyo ulikuwa unamwenda mbio usiku. Nikamnunulia kopo la kahawa iliyoondolewa kafeini, la kwanza nililolikuta dukani. Akaichemsha kwenye dele lake, akaonja funda moja, kikombe akakirudisha kwenye sinia. "Mwanangu, haya ni maji ya kusuuzia dele."

Alisema kweli. Ilikuwa na rangi ya kahawa, basi. Tangu siku hiyo nikawa najiuliza: kama kilichotolewa ni kafeini tu, ladha imekwenda wapi?

Kafeini yenyewe ni unga mweupe usio na harufu. Ni chungu, lakini uchungu wake ni sehemu ndogo tu ya uchungu wa kahawa. Ile harufu inayokupokea mlangoni mtu anapokaanga buni huzaliwa motoni, pale sukari, protini na asidi zilizomo ndani ya punje zinapokutana na joto. Shida ni kwamba kafeini hutolewa kabla ya hapo, buni ikiwa bado mbichi, na karibu njia zote huanza kwa kuilowesha au kuipiga mvuke. Maji hayachagui. Yakichukua kafeini hubeba na ile sukari na zile asidi ambazo kesho zingekuwa harufu.

Wa kwanza kuifanya biashara kubwa alikuwa Mjerumani Ludwig Roselius wa Bremen. Husimuliwa kwamba shehena yake moja ililowa maji ya bahari, akakuta kafeini imepungua na ladha bado ipo. Mwaka 1906 akaanzisha kampuni ya Kaffee HAG. Alitumia benzeni, kemikali ambayo baadaye ilijulikana kuwa huleta saratani, na njia hiyo ikaachwa.

Njia inayonivutia zaidi ni ya maji matupu, iitwayo Swiss Water. Ilibuniwa Uswisi, na leo kiwanda chake kipo British Columbia, Kanada. Ili kuielewa, tia sukari kwenye chai mpaka ibaki imelala chini ya kikombe. Chai hiyo imeshiba, huwezi kuyeyusha kijiko kingine. Wao hufanya vivyo hivyo: buni ya kwanza huloweshwa maji ya moto mpaka itoe kila kitu, kisha maji yale hupitishwa kwenye mkaa maalumu unaonasa kafeini. Yanayobaki ni maji yaliyoshiba ladha. Ukiloweka humo buni mpya, ladha yake haina pa kwenda, ila kafeini ina nafasi, nayo hutoka.

Kolombia wana njia yao ya asetati ya ethili, kimiminika kinachoyeyusha kafeini, ambacho hukipata kwa kuchachusha miwa. Kahawa yake mara nyingi huwa na utamu wa matunda, na kwa ulimi wangu ndiyo inayoongoza. Ipo pia ya hewa ya ukaa iliyogandamizwa kwa nguvu, iliyogunduliwa na Mjerumani Kurt Zosel miaka ya 1960. Hiyo hung'oa kafeini na kuacha sehemu kubwa ya vingine. Kuna na kloridi ya methilini, kimiminika kingine cha kutolea kafeini, ambacho watu hukiogopa. Huchemka kwenye nyuzi 40 hivi, na kahawa hukaangwa kwa zaidi ya 200, kwa hiyo kinachobaki ni chembe kidogo sana. Marekani huruhusu sehemu 10 kwa milioni. Huhifadhi ladha vizuri, lakini ni nadra pakiti kuitaja.

Basi ukiwa dukani, isome pakiti. Ikitaja njia, mahali buni ilikolimwa na tarehe ya kukaangwa, mwenyewe anajua anachouza. Iliyoandikwa "isiyo na kafeini" bila neno jingine mimi huirudisha kwenye rafu. Tafuta aina ya arabika, kama ile ya Kilimanjaro au Ethiopia: aina nyingine, robusta, ina kafeini karibu mara mbili, kwa hiyo hata ikitolewa asilimia 97 hubaki nyingi zaidi.

Nunua punje nzima kama una kinu, tena kidogo kidogo. Punje hizi zimeshalainishwa na maji, mafuta yake hutoka juu upesi. Nilipofungua pakiti iliyokaa miezi mitano, punje ziling'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi, na zilinuka karanga za zamani. Usichague iliyokaangwa ikawa nyeusi tii, maana hapo unakunywa ladha ya moto tu. Wala rangi isikudanganye: buni hii huwa ya kahawia hata kabla ya kukaangwa.

Jikoni, ongeza kipimo kidogo. Kama kwa mililita 250 hutia gramu 15, tia 17. Na usiichemshe muda mrefu, kwa kuwa punje zilizolegea hutoa ladha haraka, kisha hutoa ukakasi. Mama alizoea kuiacha dele ichemke mpaka amalize nyiradi zake. Sasa huchemsha kwanza tangawizi na iliki, hutia kahawa mwisho, huhesabu dakika nne na kuipua.

Kafeini haiishi kabisa: kikombe huwa na miligramu 2 hadi 15 hivi, wakati cha kahawa ya kawaida huwa na kama 95. Tulimuuliza daktari, akasema kimoja usiku hakina neno. Ile ya miwa ya Kolombia mama aliinywa mpaka machicha, akaniuliza kama imebaki kwenye dele.