Mwanga Unaoua Vijidudu Hauondoi Kila Dawa Majini

Watu wengi huamini kwamba maji yakishapita kwenye taa ya miali ya urujuanimno (UV) huwa yameondolewa pia mabaki ya dawa za tiba. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa miali hiyo hulemaza vijidudu kweli, na baadhi ya dawa, kama diklofenaki ya kutuliza maumivu, huvunjika zikipigwa na mwanga.

Hata hivyo, kipimo kinachotumika sana dhidi ya vijidudu, takriban milijuli 40 kwa kila sentimita ya mraba, ni kidogo mno kwa dawa zisizovunjika kirahisi kama kabamazepini, dawa ya kifafa. Ndiyo maana mwanga huongezwa nguvu mara nyingi zaidi na kuunganishwa na kioksidishaji, yaani kemikali inayovunja nyingine kwa kuzioksidisha, kwa mfano haidrojeni peroksaidi, ambayo ikipasuliwa na mwanga huzaa radikali za haidroksili, chembe zenye ukali mkubwa wa kikemia, zinazoshambulia karibu kila kampaundi ya kaboni, ingawa hudumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na nyingine humezwa na bikaboneti (chumvi iliyoyeyuka majini) au mabaki ya mimea iliyooza kabla ya kuifikia dawa.

Jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba dawa kutoonekana tena kwenye vipimo si sawa na kuvunjika kabisa na kugeuka kaboni dioksidi na maji, kwani mara nyingi hubaki vipande vyake.

Msomaji anaweza kukagua maelezo ya kifaa: je, yanataja vijidudu pekee, au pia dawa zilizopimwa, kiasi cha mwanga na kioksidishaji? Ripoti inayoonyesha kupungua kwa jumla ya kaboni ya kikaboni, yaani kaboni yote iliyomo katika dawa, vipande vyake na kampaundi nyingine za kikaboni majini, hueleza mengi kuliko inayotaja kutoweka kwa dawa moja.