Chama cha wafanyakazi, daftari la wanachama na mizani ya chai Mufindi

Viongozi wa matawi ya chama cha wafanyakazi ninaowafundisha kompyuta Mafinga na Njombe huniomba kwanza niwaonyeshe namna ya kuendesha kundi la WhatsApp. Mimi huanza na daftari la wanachama, nao hupoa kidogo, kwa kuwa kazi hiyo haina mvuto. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, chama huwa msemaji pekee wa wafanyakazi katika majadiliano pale kinapowakilisha walio wengi, na mwajiri hukata ada kwenye mshahara wa yule aliyejaza fomu ya idhini. Nguvu ya chama ni hesabu, na katika matawi niliyoyapitia hesabu hiyo aghalabu huijua ofisi ya mishahara ya mwajiri peke yake.

Kazi yenyewe ni kulinganisha orodha mbili: ile ya makato inayotoka kwa mwajiri, na ile ya fomu zilizomo kwenye faili la tawi. Kompyuta huimaliza kwa dakika chache ikiwa kila mtu ana namba moja isiyobadilika. Tatizo ni majina. Katika shamba moja la chai utawakuta akina Sanga wengi, baadhi wakiwa na jina la kwanza lile lile, na karani mmoja ameandika “E. Sanga” pale ambapo mwenzake aliandika majina matatu kamili. Namba ya simu nayo haitoshi, kwani mtu hubadili laini au hutumia ya mumewe. Nimewashauri watumie namba ya ajira iliyo kwenye hati ya mshahara, si namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo ikivuja imevuja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inauhesabu uanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa taarifa nyeti, hivyo orodha hiyo haipaswi kuzagaa kwenye simu za viongozi.

Kuhusu WhatsApp sina mengi. Wachumaji wengi wana simu za kitochi, na kundi ambalo nyapara yumo si mahali pa kupangia hoja. Ujumbe mfupi wa kawaida humfikia hata mwenye simu ya kitochi. Sisemi kwamba mbwembwe za mtandaoni hazina faida: tarehe 27 Septemba 2007 wafanyakazi wa IBM nchini Italia, wakisaidiwa na UNI, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi, waligoma ndani ya ulimwengu wa kompyuta uitwao Second Life, na baadaye wakapata mkataba mpya. Ila mwajiri wao alikuwa akiishi kwa kuuza teknolojia, na aibu ya mtandaoni ilimgusa.

Mahali ambapo kompyuta imemgusa mchumaji kwelikweli ni kwenye mizani. Malipo hufuata kilo. Kwa mizani ya mshale, karani husoma mbele ya watu, hutaja uzito wa kikapu anaoukata, kisha huandika. Mizani ya kielektroniki hupima haraka na hupunguza makosa ya kuandika, jambo ambalo wachumaji wenyewe hulisifu. Lakini uzito wa kikapu, na pengine wa maji siku za manyunyu, hukatwa na mashine kwa kiwango kilichowekwa na mtu asiyeonekana pale shambani. Stika ya Wakala wa Vipimo huthibitisha kwamba mizani inapima sawasawa. Haisemi lolote kuhusu kiwango hicho.

Kwa hiyo, katika rasimu za mkataba wa hali bora, yaani makubaliano kati ya chama na mwajiri, ninazosaidia kuandika, tunadai kiwango cha makato kiandikwe mkatabani na kisibadilishwe kabla tawi halijajulishwa, mchumaji apate risiti ya kilo zake siku ile ile, na tawi lipewe kumbukumbu za mizani kabla ya mishahara kulipwa. Sheria humtaka mwajiri aliyekitambua chama kutoa taarifa zinazohusu majadiliano. Wapo wanaojibu kwamba mfumo ni wa kampuni iliyowauzia programu. Jibu hilo silikubali, kwa sababu mfumo unaotoa orodha ya malipo kila mwezi hauwezi kushindwa kutoa orodha ya kilo zilizozaa malipo hayo.