Kiti chepesi cha kupandia mti si lazima kiwe bora

Wawindaji wengi wa kulungu huchagua kiti cha kupandia mti (kiti na jukwaa la kukanyagia, vinavyofungwa kwenye shina na kupandishwa nalo hadi juu) kwa mizani tu: kilicho chepesi zaidi ndicho bora. Sivyo. Wepesi hukufaa njiani. Ukishafika juu utakaa saa kadhaa kwenye jukwaa ambalo pengine viatu vyako viwili havienei vizuri. Angalia kwanza uzito kinaoweza kubeba, ujihesabu pamoja na nguo, upinde na mkoba. Kisha itazame miti yenyewe: kiti hiki hupanda shina lililonyooka, lisilo na matawi. Na kwa kuwa shina hupungua unene kuelekea juu, chini ufunge jukwaa likiwa limeinuka kidogo upande ulio mbali na shina, la sivyo utafika juu unateleza. Mkanda wa usalama wa mwili mzima? Uvae ukiwa bado ardhini.